Uliyaloweka kwenye Nini? Ushauri wa Fundi wa Meno Bandia

Meno bandia yaliyoharibika yakifika kwenye meza yangu hapa Ngara, Nairobi, swali langu la kwanza huwa lilelile: uliyaloweka kwenye nini? Wengi hushangaa, maana walitarajia niulize kama yalianguka. Yakianguka, mara nyingi yanapasuka, na ufa ninaweza kuuziba. Lakini dawa isiyofaa hukila kifaa polepole, na mwenyewe anapokuja kugundua, mara nyingi suluhisho ni kutengeneza kingine. Najua jinsi watu wanavyojinyima ili kuyalipia, ndiyo maana naandika haya.

Kwanza jua ulicho nacho mdomoni. Seti kamili yenye ufizi wa rangi ya waridi kwa kawaida ni akriliki. Kifaa cha kuziba mapengo machache mara nyingi huwa na fremu ya chuma, mchanganyiko wa kobalti na kromi, chenye kulabu za kushikilia meno yaliyobaki. Kuna vingine vya nailoni inayopindika. Kuna seti zilizotiwa bitana laini ndani kwa ajili ya mtu ambaye ufizi wake unauma. Halafu kuna riteina, ile plastiki nyembamba angavu ambayo vijana huvaa baada ya kutolewa brasi, zile waya za kunyoosha meno. Dawa inayofaa kimoja kati ya hivi inaweza kukiangamiza kingine, na pakiti ya dukani haijui wewe una kipi.

Jiki ndiyo inayoniletea kazi nyingi zaidi. Mama mmoja wa Umoja aliniambia, "Mwanangu, mimi huyatia jiki usiku kucha kama vitambaa vya meza, ili yatakate." Yake yalikuwa na fremu ya chuma. Nilipoyageuza chini ya taa, mng'ao ulikuwa umekwisha, kuna madoa meusi, na ndani ya madoa kuna vitundu vidogo ambavyo ncha ya sindano inazama. Kulabu moja ilikatika nilipoishika kwa koleo bila hata kuikaza. Ufizi wa akriliki nao ulikuwa umepauka, hasa pembezoni ambako ni mwembamba. Yalikuwa safi kweli, lakini hayakuvalika tena.

Hata hivyo sitaki mtu atoke hapa akidhani jiki ni sumu ya meno bandia. Inaua fangasi na vijidudu vizuri sana. Kama seti yako ni akriliki tupu, haina chuma wala bitana laini, unaweza kuitumia mara mojamoja. Soma kibandiko. Ile ya asilimia 3.5, changanya sehemu moja na sehemu sita za maji, upate nguvu ya asilimia 0.5. Muda ndio watu wengi huupuuza: usizidi dakika 10. Mwongozo wa American College of Prosthodontists, chama cha Marekani cha madaktari wa meno bandia, wa mwaka 2011 unaweka mpaka huohuo wa dakika 10. Kisha suuza kwa maji mengi mpaka harufu iishe. Na tafadhali usichanganye jiki na siki, hata kwa kujaribu. Zikikutana hutoa gesi ya klorini, na bafu zetu nyingi hazina hata dirisha.

Siki nyeupe yenyewe ina kazi yake. Ule ukoga mgumu mweupe unaoganda nyuma ya meno ya mbele ya chini ni madini ya mate, na sabuni haiuondoi. Siki iliyochanganywa na maji nusu kwa nusu, kwa muda mfupi, huulainisha ukaweza kuusugua. Kama kifaa kina chuma, usiitumie. Usikwangue kwa kisu wala wembe. Lete kwa fundi au daktari, sisi tuna vifaa vya kuuondoa.

Vidonge vya povu vya duka la dawa navipenda kwa watu wengi. Vikiingia majini hutoa haidrojeni peroksaidi, na mapovu ya oksijeni hulegeza utando na madoa ya chai. Lakini havichukui nafasi ya brashi. Mtu analoweka kila usiku, hasugui hata siku moja, halafu analalamika harufu haiishi. Fuata muda ulioandikwa kwenye pakiti, na suuza vizuri kabla ya kuvaa. Bitana laini zinaweza kuharibika kwa vidonge hivi, kwa hiyo muulize aliyekutengenezea. Vingi pia vina kemikali iitwayo pasalfeti, ambayo huwaletea baadhi ya watu mzio. Mwaka 2008 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, iliwataka watengenezaji waweke onyo kuhusu jambo hilo. Ukiona midomo inavimba au kifua kinabana, acha mara moja uende hospitali. Na kama nyumbani kuna mzee anayesahausahau, vifiche. Si vya kumeza wala kutafuna.

Kwa kila siku, mimi husema sabuni ya maji ya kuoshea vyombo, brashi laini na maji ya baridi au vuguvugu. Ni rahisi kupatikana na haina mikwaruzo. Dawa ya meno ya kawaida ina chembe za kusugulia zilizokusudiwa jino la asili, ambalo ni gumu kuliko akriliki kwa mbali. Mkaa na chumvi ni vibaya zaidi. Inua seti yako karibu na dirisha uitazame kwa ubavu: ukiona mistari myembamba mingi, ndimo fangasi wanamojificha, na kadiri unavyosugua kwa nguvu ndivyo unavyowaongezea makao.

Maji moto kutoka chupa ya chai, hapana. Akriliki hupinda, na upindaji mdogo usioonekana kwa macho unatosha kufanya seti icheze mdomoni. Riteina ndiyo haivumilii kabisa. Mimi huitengeneza kwa kupasha moto bapa la plastiki na kulibana juu ya umbo la plasta, kwa hiyo ukiitia maji moto unairudisha pale nilipoanzia, bila umbo la kuishikilia.

Usiku yavue, yaoshe, yaweke ndani ya maji safi, kwa sababu akriliki ikikauka hubadilika umbo. Kulala nayo si jambo dogo. Utafiti wa Japani uliochapishwa mwaka 2015, kwa wazee 524 wenye umri wa miaka 85 na zaidi, uliona kwamba waliolala na meno bandia walikuwa na hatari ya nimonia takribani mara mbili.

Ukivua ukakuta kaakaa ni jekundu kwa umbo lilelile la meno bandia, hata kama haliumi, usibadilishe dawa ya kulowekea ukitarajia litapona. Mara nyingi hao ni fangasi, na mdomo unahitaji kutibiwa pamoja na kifaa. Nenda kwa daktari wa meno ukiwa nacho mkononi, na siku hiyohiyo muombe akuandikie kwenye kadi yako kimetengenezwa kwa nini: kama kina chuma, kama kina bitana, na ni plastiki gani.