Kifungo cha mfuko

Swali la wiki: "Askari wa kamandi moja akimkuta wa kamandi nyingine amekosea, amsahihishe vipi bila kumvunjia heshima?" Kamandi ni matawi ya jeshi: nchi kavu, anga na majini. Najibu kama sajenti mstaafu wa nchi kavu, ambaye siku hizi nauza mawese hapa Mwanga, Kigoma.

Kwangu mimi, gusa lile tu unalojua kwa hakika kuwa ni la wote. Ya kikosini kwake waachie wakubwa wake. Nalisema hili kwa aibu, maana nilijifunzia stesheni.

Nilikuwa koplo, nangoja treni ya Tabora, nayo imechelewa kama desturi yake. Akapita kijana wa wanamaji, lansi koplo, cheo cha chini yangu, mikono ya shati kaishusha hadi karibu na viganja. Sisi tulikuwa tunaikunja. Nikamfokea mbele ya akina mama wauza samaki, migebuka: "We baharia, hilo shati umeazima kwa shemeji?" Watu wakaangua kicheko. Kijana akakakamaa, akajibu taratibu: "Koplo, ndivyo tulivyoagizwa kikosini." Kicheko kikahamia kwangu.

Jeshi letu la Wananchi wa Tanzania, JWTZ, ni moja tangu tarehe 1 Septemba 1964, lakini anga, majini na nchi kavu kila mmoja ana mazoea yake. Hata majeshi ya wenzetu ni hivyo. Kwa Waingereza, askari wa nchi kavu akipiga saluti kiganja hutazama mbele, wa majini hutazama chini. Kapteni wao wa majini analingana na kanali wa nchi kavu. Mchukulie kama kapteni wa nchi kavu, aliye chini ya kanali, uone. Mtu aliyefundwa kwata, yaani gwaride, kwenye depo moja ya mafunzo atayaona haya yote makosa.

Kwa aliye chini yako, taja cheo chake kwanza, umvute pembeni. Kwa aliye juu: "Afande, samahani, naomba ruhusa," kisha usubiri. Akikataa, basi. Ila penye silaha au maji, adabu hizo ziweke kando. Niliwahi kuona kwenye boti, Ziwa Tanganyika limechafuka, lansi koplo wa wanamaji anamzuia meja wetu: "Afande, jaketi la kuokolea kwanza." Hakuomba ruhusa yoyote. Meja akavaa, tena akafunga kamba zote.

Nirudi kwenye treni yangu. Behewani tulikaa na sajenti wa anga, mtu mzima, aliyekuwa ameshuhudia yote pale stesheni. Hakuligusia hata kidogo. Tulipiga soga za mpira tu. Tulipofika Uvinza akaniambia, "Koplo, nisindikize nikanunue chumvi." Tukashuka. Tulipowapita wachuuzi akasimama, akashika kifungo cha mfuko wa kifuani mwake, akautazama wangu.

Ulikuwa wazi, tena nadhani tangu Kigoma, wakati nakagua mashati ya watu.

Nikaufunga. Yeye akaulizia bei ya chumvi, akachukua vifuko viwili, kimoja akanipa mimi.