Mbuna hajala siku kumi, koo limetuna

Kaka, weka kando hiyo dawa unayotaka kumpa, huyo mbuna, samaki wako wa tangini, haumwi. Jike anayekataa chakula huku koo limetuna amebeba mayai mdomoni. Ndivyo wanavyozaa hawa samaki wa miamba ya Ziwa Nyasa. Mtazame kwa ubavu: utamwona anatafunatafuna polepole bila kumeza kitu. Hapo anayageuza mayai. Atakaa hivyo wiki tatu hivi, kisha atatema vifaranga vinavyojua kuogelea tayari. Usimkimbize na wavu, akishtuka huyatema au huyameza. Muwekee mawe yenye mianya ajifiche, maji nyuzi 25, pH (kipimo cha asidi ya maji) kama 8. Na dume mmoja kwa jike mmoja ni vita tu, ongeza majike wawili watatu.