Maumivu ya Kidole Kimoja

Ukimuuliza mkimbiaji mguu ulianza kumuuma lini, atakutajia siku aliyoshindwa kutembea. Nami nilijibu hivyohivyo Aprili 2024, nilipofika kwa mtaalamu wa fiziotherapia. Akatikisa kichwa. "Ndugu yangu, sikukuuliza ulisimama lini. Nakuuliza ulianza kuuma lini."

Hapo nikakumbuka mteremko wa feri.

Naishi Likoni na kazi yangu iko kisiwani Mombasa, kwa hivyo kila asubuhi nateremka pamoja na umati kwenda kupanda feri. Tangu Februari, kila kisigino cha kulia kilipogusa chini, nilihisi kitu kama msumari upande wa ndani wa ugoko, shubiri moja juu ya kifundo. Feri ikifika katikati ya mkondo maumivu yamekwisha, nami nimeshasahau. Jioni nakimbia. Kilomita mbili za mwanzo mguu unauma, kisha unanyamaza, na kule kunyamaza nikakuchukulia kuwa ni ruhusa.

Kama una maumivu ya namna hiyo, yanayopotea mwili ukishapata moto, tafadhali usidhani yamepona. Yangu mwanzo yalikuwa yakipotea baada ya kilomita mbili, baadaye tano, mwisho hayakupotea kabisa, yakawa yananiamsha usiku.

Kosa lenyewe lilianza Januari. Kwa mwaka mzima nilikuwa nakimbia kilomita 20 kwa wiki bila taabu. Nikajiandikisha nusu marathoni, na ndani ya wiki tano nikafika kilomita 48 kwa wiki. Pumzi iliniruhusu. Moyo na mapafu huzoea kazi mpya mapema, lakini mfupa hauna mwendo huo. Ukipewa mzigo usiouzoea, mwili kwanza huondoa sehemu za mfupa zilizochoka, ndipo uweke mpya. Kuondoa ni kazi ya wiki chache, kujenga ni kazi ya miezi. Katikati hapo mfupa ni kama nyumba ya mawe ya Mji wa Kale iliyobomolewa ukuta ili ikarabatiwe. Huo si wakati wa kuongeza ghorofa, nami ndipo nilipoongeza.

Halafu kuna ufuo. Jumapili nilikuwa nikienda Nyali maji yakipwa, kwa sababu mchanga ule mgumu ni mtamu kwa miguu. Nilisahau kwamba ufuo umeinama kuelekea majini. Nilikuwa nikikimbia kuelekea Bamburi, bahari mkono wa kulia, kisha narudi kwa matatu. Maana yake mguu wa kulia ulikuwa chini ya wa kushoto safari nzima, kila wiki. Ukipenda ufuo, kimbia kwenda na kurudi, nusu na nusu, au tafuta mahali palipo sawa.

Katikati ya Machi Ramadhani ikaingia. Mwezi ule ungeniokoa kama ningeuruhusu. Badala yake nilikuwa nakimbia saa moja kabla ya magharibi, sina hata tone la maji mwilini tangu daku, kwa kuhofia mpango wangu utaharibika. Mke wangu alikuwa akinikuta mlangoni nachechemea huku yeye anaandaa futari. Jioni moja akaniambia kwa upole, "Mume wangu, Mwenyezi Mungu amemruhusu mgonjwa ale mchana. Hizo mbio zako ndizo hazina ruhusa?" Sikuwa na jawabu, na hadi leo naona aibu kwamba sikumsikiliza usiku uleule.

Nilichofanya ni kununua vidonge vya diklofenaki, nikawa nameza kimoja baada ya kufuturu ili nikimbie tena kesho yake. Hili nalisema kwa uchungu kwa sababu naona wakimbiaji wengi pwani wakilifanya. Vidonge vya jamii hiyo, pamoja na ibuprofeni, huzima maumivu, na maumivu ndiyo habari pekee mfupa unayoweza kukupa. Zaidi ya hapo, huweza kuumiza figo, hasa mwili ukiwa umekauka maji. Mimi nilikuwa nimefunga, nimetoka jasho la kaskazi, na nameza vidonge. Nashukuru kwamba kilichovunjika ni mguu tu.

Yule mtaalamu alipomaliza maswali aliniambia nimwonyeshe panapouma. Nikaweka kidole kimoja. Akasema, "Hapo ndipo ninapoogopa." Akanieleza kwamba mtu mwenye maumivu ya kawaida ya ugoko hupitisha kiganja kizima, kwa kuwa yametanda juu na chini, na mara nyingi ni misuli na utando unaofunika mfupa. Lakini maumivu unayoyaweka chini ya kidole kimoja, juu ya mfupa mtupu, yahesabu kuwa ni ufa mpaka daktari athibitishe vingine.

Daktari akanipiga eksirei. Haikuonyesha kitu, nikafurahi, nikauliza kama naweza kukimbia Jumamosi. Hapana. Ufa wa uchovu, yaani ufa wa mfupa uliochoshwa na mzigo, mara nyingi hauonekani kwenye eksirei wiki za mwanzo. Kipimo cha MRI huuona mapema, ila fedha hizo sikuwa nazo. Tukakubaliana kuutibu kama ufa. Eksirei ya pili, wiki tatu baadaye, ilionyesha mfupa mpya ukiota pembeni. Kumbe ulikuwa umepasuka kweli.

Wiki nane bila kukimbia. Kundi letu hukutana Jumamosi saa kumi na mbili asubuhi barabara ya Mama Ngina, chini ya mibuyu, na wiki mbili za mwanzo sikuweza hata kusoma ujumbe wao. Nilihisi kama mtu aliyehamishwa mtaa. Kilichonisaidia ni mmoja wa wakubwa wetu aliyenipigia simu akaniambia, "Kaka, njoo ukae na sisi. Miguu ndiyo iliyopumzishwa, si wewe." Nikawa naenda, nashika chupa za maji, naandika muda wao. Nilipoweza kutembea bila maumivu nikaruhusiwa kuogelea, nikawa naenda ufuo wa umma maji yakijaa.

Kukaa pale Mama Ngina kulinikumbusha jambo. Uwanja wa gofu ulio kando ya bahari hapo ndipo zilipofanyika mbio za nyika za dunia, tarehe 24 Machi 2007. Kenenisa Bekele wa Ethiopia alikuwa ameshinda mbio ndefu miaka mitano mfululizo. Katika joto na unyevu wa Mombasa alijitoa kabla ya kumaliza, na Zersenay Tadese wa Eritrea akachukua ushindi. Mwaka uliofuata Bekele alirudi akashinda mbio hizo, kisha akachukua dhahabu ya mita 5,000 na 10,000 kwenye Olimpiki ya Beijing. Jasho hupoza mwili pale tu linapokauka, na kaskazi ya kwetu hailikaushi, hulidondosha tu. Tangu hapo, kuanzia Desemba mpaka Machi siangalii saa yangu inasema nini kuhusu kasi.

Nilirudi Juni. Wiki ya kwanza ni kutembea nusu saa tu. Baadaye dakika moja kukimbia na mbili kutembea, mara kumi, siku moja ndiyo, siku moja hapana. Nusu marathoni ya mwaka ule haikuwa yangu tena. Sasa kila wiki ya nne napunguza theluthi moja ya kilomita hata kama najisikia vizuri, na hapo ndipo penye ugumu, kupumzika wakati hakuna kinachokulazimisha. Kila asubuhi kabla ya kushuka kitandani nahesabu mapigo ya moyo, kisha napitisha kidole gumba juu ya ugoko, kutoka gotini mpaka kifundoni.

Mwezi uliopita, kwenye mteremko uleule wa feri, mguu wa kushoto ukaniuma. Nikasimama pembeni, watu wananipita, nikainama nikabonyeza. Kidole kimoja. Jioni ile sikukimbia, na Jumamosi nikafika Mama Ngina mapema, nikachukua chupa za maji, nikakaa chini ya mbuyu kuwasubiri wenzangu.