Usimpime soprano kwa noti ya juu

Kwa miaka mingi nilikuwa na daftari. Kila nilipopata rekodi mpya ya tamthilia ya muziki, iwe ya Broadway, kwenye kumbi za maigizo za New York, au ya London, niliandika jina la mwimbaji na kando yake noti ya juu kabisa aliyoifikia. Aliyepanda zaidi ndiye bora, basi. Tukibishana kwenye kwaya, nilitoa daftari langu na kusoma kama karani wa uchaguzi anayetangaza matokeo.

Daftari lile lilinipoteza. Ninaandika haya kwa ajili ya mtu anayeanza kuwasikiliza masoprano wa jukwaani, yaani wanawake wenye sauti ya juu kabisa, na hajui ampende nani kati ya wengi.

Chukua The Phantom of the Opera, iliyofunguliwa London mwaka 1986 na Sarah Brightman akiwa Christine, binti mwimbaji aliye mhusika mkuu. Wimbo unaobeba jina la tamthilia humalizika kwa Christine kupanda ngazi baada ya ngazi hadi noti ya E iliyo juu hata ya ile C inayowatoa jasho masoprano wa kwaya. Nilikuwa nikirudia sekunde zile tu. Siku moja mwalimu wa kwaya akaniuliza: binti huyo anapopanda hivyo, anaogopa au anafurahi? Nikabaki nimekodoa macho. Wimbo nilikuwa nimeusikia labda mara mia, na sikuwahi kujiuliza mwenye sauti ile amepatwa na nini.

Aliyenifundisha kusikiliza upya ni Barbara Cook, mwimbaji wa Broadway. Kwenye daftari alikuwa na nafasi nzuri kwa sababu ya Candide ya mwaka 1956, tamthilia iliyofungwa baada ya maonyesho 73 tu, ambamo aliimba wimbo wa mhusika Cunegonde wenye noti za juu za E-flati zinazorukaruka kama kunguru juu ya bati la moto. Lakini wimbo ulionigeuza uko kwenye She Loves Me ya mwaka 1963. Cook ni Amalia, muuzaji dukani, ameketi kumwandikia barua rafiki wa kalamu asiyewahi kumwona. Kila akianza sentensi, mawazo yanamkimbilia mfanyakazi mwenzake, yule wanayegombana kila siku, ambaye ametoka kumjulia hali na kumletea aiskrimu ya vanila. Anajikaripia, anarudi kwenye barua, mawazo yanatoroka tena. Sehemu kubwa ya wimbo iko katikati ya sauti, karibu na mazungumzo ya kawaida. Kisha mwishoni sauti inafyatuka juu. Noti ile haikuwekwa kwa mbwembwe. Binti amegundua jambo, na kifua hakimtoshi tena.

Baada ya hapo nikamsikiliza Laura Benanti, aliyeimba wimbo huohuo Broadway mwaka 2016. Benanti anachekesha zaidi; unamwona akipambana na kalamu hata ukiwa umefumba macho. Cook ananiacha nikitabasamu bila kujua nilianza lini. Nikilazimishwa kuchagua, namchagua Cook, ila sitagombana na mtu.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza, na kwa kweli ndio mkubwa kuliko yote: usisikilize waimbaji kumi kwenye nyimbo kumi. Shika wimbo mmoja, usome maneno yake kwanza kama unavyosoma shairi, ujue mhusika anataka nini, halafu wasikilize wawili au watatu wakiuimba. Video zile zinazokusanya noti za juu tupu ziache. Ni sawa na kukatiwa vilele vya milima ukaletewa kwenye sinia.

Sikiliza katikati ya sauti. Kuna sababu ya kimaumbile. Soprano anapopanda juu sana, mdomo lazima ufunguke, na irabu zote huanza kufanana; "i" na "u" zinaelekea kuwa "a". Hakuna mwimbaji anayeikwepa sheria hiyo, awe na kipaji cha namna gani. Ndiyo maana watunzi wajanja huweka maneno muhimu chini, na kule juu huweka hisia tu. Ukikosa neno kwenye noti ya juu, msamehe. Ukilikosa katikati, pale ambapo angeweza kulitamka vizuri, hapo una haki ya kulalamika. Tumia vipokea sauti vya masikioni vizuri, na usifungulie sana. Spika ya simu humfanya soprano yeyote asikike kama filimbi ya refa, na nina hakika watu wengi wanaosema hawapendi sauti za juu wamezisikia humo tu.

Sasa wapo ambao huenda umewapenda bila kujua. Julie Andrews alikuwa na miaka 20 alipoanza kuwa Eliza kwenye My Fair Lady, Broadway, mwaka 1956. Filamu ilipotengenezwa mwaka 1964 nafasi ilikwenda kwa Audrey Hepburn, na nyimbo zake nyingi ziliingizwa sauti ya Marni Nixon. Nixon huyohuyo ndiye aliyemwimbia Deborah Kerr kwenye filamu ya The King and I na Natalie Wood, akiwa Maria, kwenye West Side Story. Wasikilize Eliza na Maria mmoja baada ya mwingine: koo ni moja, lakini wasichana ni wawili tofauti kabisa, mpaka lafudhi. Kwa wengi Nixon ni kioja cha historia. Kwangu yumo kwenye watano bora. Ukitaka kumwona uso, yumo kama mmoja wa watawa kwenye filamu ya The Sound of Music.

Halafu yuko Audra McDonald, na hapa naomba mnivumilie, maana nikimtaja huwa sinyamazi mapema. Alisomea uimbaji wa kiopera Juilliard, chuo cha sanaa cha New York. Kabla ya kutimiza miaka 28 alishapata tuzo tatu za Tony, zile kubwa za maigizo ya Broadway: ya Carousel mwaka 1994, ya Master Class mwaka 1996 na ya Ragtime mwaka 1998. Kwenye Ragtime ni Sarah, mama kijana anayemweleza mwanawe mchanga kwa nini alimfanyia jambo lisilosameheka. Wimbo unaanza kama bembelezo. Nilipousikia mara ya kwanza nilikuwa naosha vyombo, nikasimama, maji yakaendelea kumwagika. Lakini lililovunja kabisa hesabu za daftari langu ni tuzo yake ya sita, ya mwaka 2014. Aliipata akiigiza Billie Holiday, mwimbaji wa jazi, na ili afanye hivyo aliiweka soprano yake kabatini. Hakuna noti ya juu ya kuandika. Kuna sauti iliyochoka, maneno yanayoburutwa nyuma ya mapigo, mwanamke anayebomoka mbele yako. Niliacha nafasi tupu kando ya jina lake.

Kama unadhani soprano ni aina moja ya sauti, fanya zoezi hili. Wasikilize Kristin Chenoweth na Kelli O'Hara. Wote wawili walifundishwa na mwalimu mmoja, Florence Birdwell, Oklahoma City University. Chenoweth, Glinda wa kwanza wa Wicked mwaka 2003, ana sauti inayometameta kama kengele ndogo, na ndani ya wimbo mmoja anashuka hadi sauti ya mazungumzo, anatania, kisha anapaa tena. O'Hara ni mtulivu. Sauti yake inatiririka hata kwenye The King and I ya mwaka 2015, iliyompa Tony yake, na ameimba pia Metropolitan Opera, jumba la opera la New York. Mwalimu mmoja, matunda mawili. Ukimpenda mmoja na mwingine akakuchosha, si kosa la sikio lako.

Jambo moja kwa wale wanaoimba wenyewe, maana najua mpo. Msiige rekodi mkiwa mmeamka sasa hivi. Mimi nilijaribu ile E ya Christine asubuhi, koo likiwa baridi, kwa sababu tu nilikuwa nimebishana na mtu. Nilikwaruza koo na kwa wiki mbili niliketi kwenye mazoezi ya kwaya nikifungua kurasa za wengine. Koo ni nyama, si chuma. Julie Andrews alifanyiwa upasuaji wa koo mwaka 1997, na sauti ile ya oktava nne tuliyoizoea haikurudi. Anzeni katikati, pandeni polepole, na likianza kuuma acheni.

Wala umri usiwatishe katika kuchagua. Cook alirudi Broadway mwaka 2010 akiwa na miaka 82. Kilele cha sauti kilikuwa kimeshaondoka, ila neno lilikuwa limekaa mahali pake kuliko zamani. Rekodi zake za uzeeni nazisikiliza usiku kuliko zile za Candide.

Daftari bado ninalo. Safu ya noti nimeifuta. Mahali pake naandika mhusika anamwambia nani, na anaficha nini. Wiki hii niko kwa Rebecca Luker, aliyefariki mwaka 2020, kwenye The Secret Garden ya mwaka 1991. Ni Lily, mke aliyekufa, anayemwimbia mumewe kutoka upande wa pili. Nimeimaliza rekodi mara nne, na bado sijaamua kama ninampenda Luker au ninampenda Lily.