Jibu: Mbegu za dietes (ua la bustani la jamii ya airisi) zimegoma kuota, nifanyeje?

Salama dada. Mwezi mzima kwenye trei bila chipukizi isikukatishe tamaa, usizimwage! Dietes huota kwa kupishana, nyingine hufika miezi miwili, na baridi hii ya Julai hapa Moshi inazichelewesha zaidi.

Cha kwanza kuangalia: ulizichuma zikiwaje? Kama kifuko cha mbegu kilikuwa bado kibichi, hizo hazijakomaa, tafuta nyingine. Mimi husubiri kikauke na kuanza kupasuka, mbegu ziwe kahawia iliyokolea. Naziloweka usiku kucha kwenye maji ya uvuguvugu, nafukia sentimita 1 tu kwenye mboji na mchanga, kivulini. Udongo uwe na unyevu, usituamishe maji.

Maua ni mwaka wa 2 au 3. Ukitaka haraka, omba shina lenye mizizi kwa jirani.