Kuchambua mazungumzo ya Kiingereza, kidato cha tano

Mwalimu mwenzangu wa Kondoa, unasema wanafunzi wako wanaona kila "er" na kila sentensi iliyokatika ni kosa la Kiingereza. Anza na Kiswahili chao. Rekodi, kwa ridhaa, dakika moja ya muuza nyanya na mteja pale sokoni, kisha waandike kila kitu: "yaani", "si unajua", kusita, kudakiana. Usiwaruhusu kusafisha hata neno moja.

Ukihamia Kiingereza, tumia alama za kunakili mazungumzo za mtafiti Gail Jefferson: mabano ya mraba panapodakiwa, sekunde za kimya ndani ya mabano ya kawaida. Yeye na watafiti wenzake, Harvey Sacks na Emanuel Schegloff, walionyesha mwaka 1974 kwamba watu hupokezana zamu kwa utaratibu.

Istilahi zije baadaye, tafadhali. Mwanafunzi anayeandika tu "kuna kusita mstari wa 3" hajachambua kitu. Mwulize kusita huko kunafanya kazi gani. Mtu anaulizwa, "Can you come on Saturday?" Anajibu, "Well, er, Saturday..." Mwenzake anadakia, "No, no, it's fine." Hakuna aliyetamka kukataa, na wote wawili wameelewa.