Muulize Shangazi: Siku Tatu Alghero, au Nikimbilie Roma?

SWALI: Shikamoo Shangazi. Mimi ni muuguzi hapa Jinja. Kaka yangu anasoma chuo kikuu cha Sassari, kisiwani Sardinia, na mwezi wa tano nitakwenda kumwona, nikiwa na likizo ya siku kumi. Anataka tukae siku tatu Alghero, mji wa pwani ambao anasema uko Italia lakini wazee wake wanaongea Kikatalani. Wenzangu kazini wananishangaa: utoke Uganda mpaka Italia usiione Roma? Nimsikilize nani? Tena mama ameniagiza shanga za marijani. Nitazipata?
Msomaji, Jinja

JIBU: Marahaba, mwanangu. Msikilize kaka yako. Siku kumi ukizigawa Roma na Venice utazimalizia kwenye foleni, na kaka yako utamwona kwa kupitia tu.

Acha nikueleze kwa nini mji huu nimeupenda kiasi hiki. Mimi ni Mnubi wa Bombo, hapa Uganda. Babu zetu walikuwa askari waliotoka upande wa Sudan, na mwaka 1891 Lugard, kapteni Mwingereza, akawaingiza katika jeshi lake. Hawakurudi tena, lakini Kinubi hakikufa. Nyumbani kwetu mpaka leo unaamkiwa kwa Kinubi, ukivuka barabara unaongea Kiganda, ukikutana na mgeni unageukia Kiswahili. Kwa hiyo niliposikia kuna mji wa Italia wenye historia ya namna hiyo, nilitaka nikaone kwa macho yangu.

Mwaka 1354 mfalme Pere wa Nne wa Aragon, ufalme wa Hispania ya leo uliokuwa na Catalonia ndani yake, alikuja mwenyewe na meli zake, akauzingira mji uliokuwa mikononi mwa Doria, ukoo mkubwa wa Genova. Alipouteka, wenyeji wakafukuzwa na nafasi yao wakapewa walowezi kutoka Catalonia. Ni dhuluma, na sipendi waongozaji wa watalii wanapoipitia haraka haraka ili wafike kwenye mambo mazuri. Baadaye utawala ukabadilika. Mwaka 1720 kisiwa kikawa cha ukoo wa Savoia, kisha ikaja Italia. Wajukuu wa walowezi wale wakaendelea na lugha yao. Mwaka 1960 meli ilijaa Wakatalani kutoka Barcelona, wakaja kuonana na ndugu waliokuwa karibu wamesahauliana nao. Na tangu 1999 sheria ya Italia inakitambua Kikatalani kuwa miongoni mwa lugha za watu wachache nchini humo.

Ukitokea upande wa nchi kavu, anzia kwenye mnara wa Porta Terra, uliokuwa lango la mji. Wayahudi wa Alghero walichangia fedha za kuujenga, na mwaka 1492 wakafukuzwa. Simama pale kidogo kabla hujaingia. Ukishaingia, vichochoro ni vyembamba, chini mawe, juu nguo zimeanikwa, na vibao vya mitaa vina lugha mbili. Mnara wa kengele wa kanisa kuu la Santa Maria una pembe nane, na mlango uliochongwa chini yake ni kazi ya mafundi wa Kikatalani. Usiupite bila kuutazama kwa karibu. Kisha nenda kanisa la San Francesco, ukae uani kwenye nguzo zake.

Nyuma ya kanisa hilo nilimkuta bibi mmoja kakaa kwenye kiti mlangoni, bakuli la maharage mabichi mapajani, anayamenya huku anaongea na mjukuu wake. Bibi anasema Kialgherese, yaani Kikatalani cha Alghero, mtoto anajibu Kiitaliano. Anaelewa kila neno, ila hajibu kwa lugha ya bibi yake. Mwanangu, nilisimama pale nikaiona Bombo nzima. Watoto wetu nao wanasikia Kinubi na kujibu Kiganda au Kiingereza. Ndiyo maana nakuambia nenda sasa, na ukae na wazee, wala usiishie ufukweni. Wasalimie “bon dia” asubuhi, uone nyuso zao.

Jioni panda kwenye kuta za baharini. Jua linazama upande wa rasi ya Capo Caccia, na mji mzima unatoka kutembea. Chini ya rasi hiyo kuna pango la Neptuno. Unafika kwa boti kutoka bandarini, au kwa gari kisha unashuka ngazi 654 zilizochongwa ubavuni mwa jabali, na hizo hizo utazipanda. Bahari ikichafuka pango linafungwa, kwa hiyo usilipangie siku ya mwisho.

Chakula chao cha sifa ni kambakoche wa Kikatalani: kamba mkubwa wa kuchemsha, nyanya, kitunguu kibichi, mafuta ya zeituni na limau. Ni kama kachumbari iliyopata bahati. Sisi Waislamu wa madhehebu ya Shafi hatuna neno naye, ila anauzwa kwa uzito, basi uliza bei kabla hajaingia sufuriani.

Viza omba ya Italia, kwa kuwa ndiko utakakokaa. Ada ni euro 90, na bima ya safari isipungue euro 30,000. Maombi yanapokelewa kuanzia miezi sita kabla ya safari. Usingoje zibaki siku 15. Mwenyeji wako akuandikie barua ya mwaliko, na kazini wakupe barua ya likizo. Kutoka Sassari mtapanda treni ndogo, haichukui saa moja.

Shanga za mama utazipata. Pwani ile inaitwa Pwani ya Marijani, na mji una jumba la makumbusho la marijani. Lipitie kwanza, ujue marijani ya kweli inavyofanana. Kisha nunua kwa sonara anayekupa karatasi ya uthibitisho, kwa sababu barabarani kuna za bei rahisi zilizotiwa rangi tu. Pesa zikiwa kidogo, mletee mama kidani kimoja cha kweli.